Kupasuliwa kichwa ukiwa macho

Mazungumzo na wanakisomo kuhusu kazi ya dawa za usingizi na ganzi



Katika barua yenu mliweka swali ambalo lilitufurahisha sana. Mliuliza hivi: "Tumesikia kwamba wako wagonjwa wanaopasuliwa kichwa na kutolewa uvimbe kwenye ubongo, huku wako macho na wanaongea na daktari. Je, ni kweli, au ni maneno ya watu tu? Na kama ni kweli, je, huo si ukatili?"

Jibu letu ni hili. Ni kweli. Na si ukatili.

Sisi kazi yetu ni kumtia mgonjwa ganzi na kumlaza usingizi kabla ya kupasuliwa. Kwa hiyo leo tutawaeleza kwa nini jambo hilo linafanyika, na jinsi mgonjwa anavyokingwa asiumie. Maana huenda siku moja wewe, au ndugu yako, ukaambiwa na daktari: "Tunataka uwe macho." Mtu asiyejua atakimbia. Mtu anayejua atauliza maswali, kisha ataamua mwenyewe.

Usingizi ni kitu kimoja, ganzi ni kitu kingine

Watu wengi wanavichanganya vitu hivi viwili. Tuanze hapo.

Usingizi wa hospitali ndio ule ambao wengi wetu tunauita nusu kaputi. Ukipewa dawa hiyo hujui kitu. Huoni, husikii, huumii. Ukiamka unauliza, "Je, mmeshaanza?" nao wanakujibu, "Mzee, tumeshamaliza."

Ganzi ni nyingine. Ukienda kung'olewa jino, unachomwa sindano kwenye ufizi. Mdomo unakuwa mzito kama si wako. Lakini unamwona daktari, unamsikia, na kama kuna mtu anakudai fedha huko nyumbani, deni lake unalikumbuka vile vile.

Njia hizi mbili ni za zamani. Tarehe 16 Oktoba 1846, katika mji wa Boston huko Marekani, daktari wa meno William Morton alimvutisha mgonjwa dawa ya etha mbele ya madaktari wengi. Mgonjwa akapasuliwa uvimbe wa shingoni. Na mwaka 1884, katika mji wa Vienna huko Austria, daktari Karl Koller aligundua kwamba matone ya kokeini yanatia ganzi jicho, mtu akapasuliwa jicho akiwa macho. Siku hizi tunazo dawa bora kuliko hizo, lakini njia ni zile zile mbili.

Basi shikeni neno hili, maana ndilo msingi wa mazungumzo yetu. Maumivu ni kitu kimoja na fahamu ni kitu kingine. Nusu kaputi inaondoa vyote viwili. Ganzi inaondoa maumivu na kuiacha fahamu.

Ubongo wenyewe hauumi

Sasa tukija kwenye kichwa, kuna jambo ambalo litawashangaza. Ubongo, ambao ndio unaopokea habari za maumivu yote ya mwili, wenyewe ukiguswa au ukikatwa hauumi. Hauna mishipa ya fahamu ya kupokea maumivu yake wenyewe.

Je, kinachouma ni nini? Fikirini nazi. Kwa nje kuna makumbi, halafu kifuu, halafu ndani nyama. Kichwa nacho kina tabaka zake. Kwa nje kuna ngozi. Chini ya ngozi kuna utando unaofunika mfupa. Halafu fuvu lenyewe. Chini ya fuvu kuna utando mwingine mgumu unaoufunika ubongo. Ndani kabisa ndiyo ubongo. Ngozi inauma sana. Tando zile mbili nazo zinauma. Tukizitia ganzi sehemu hizo vizuri, tumefunga milango ya maumivu.

Kufungua fuvu la mtu aliye macho si jambo lililoanza jana. Huko Kisii, nchini Kenya, walikuwapo waganga wa jadi wanaoitwa omobari omotwe, yaani mpasuaji wa kichwa. Mtu aliyepigwa kichwani na kupata maumivu yasiyokwisha alikwenda kwao. Walimpasua ngozi na kukwangua mfupa, wakawa waangalifu wasitoboe utando wa ubongo. Mgonjwa alikuwa macho, tena bila dawa ya ganzi ya hospitali. Alivumilia kiume. Mgonjwa wa leo haombwi uvumilivu wa namna hiyo. Anaombwa msaada wa aina nyingine.

Kwa nini asilale kabisa?

Hapa ndipo penye moyo wa habari. Mtu atasema: "Kama nusu kaputi ipo, si mumlaze tu?"

Kwa wagonjwa wengi wa uvimbe wa ubongo, ndivyo inavyofanyika. Wanalazwa kabisa. Lakini kuna uvimbe mwingine unaoota mahali pabaya. Ubongo una sehemu zenye kazi zake. Kuna sehemu ya kusogeza mkono, ya kusogeza mguu, ya kuona, ya kusema na ya kuelewa maneno. Kwa watu wengi, kazi ya kusema iko zaidi upande wa kushoto wa ubongo. Na upande huo huo wa kushoto ndio unaotawala mkono wa kulia.

Tena kuna uvimbe usiokaa kama jiwe ndani ya maharage, ambalo unaliona na kulitoa. Unajipenyeza kama magugu kwenye mpunga. Mkulima anajua shida ya magugu yanayofanana na mpunga. Ukiyang'oa kwa pupa, unang'oa na chakula chako. Ukiogopa kuyang'oa, yanasongamana.

Daktari mpasuaji akiutazama ubongo kwa macho haoni palipoandikwa "hapa ni maneno" au "hapa ni mkono." Vipimo vya picha vinamsaidia, lakini watu hawafanani. Mahali panaposhika maneno kwa Juma si lazima pawe hapo hapo kwa Asha. Na uvimbe wenyewe huweza kusukuma mambo kutoka mahali pake. Anayeweza kumwonyesha daktari ramani hiyo ni mwenye kichwa, akiwa macho.

Inafanyika hivi. Daktari anagusa ubongo kwa kifaa chenye umeme mdogo sana. Mgonjwa wakati huo anahesabu, au anataja majina ya picha anazoonyeshwa. Umeme ukigusa mahali pa maneno, mgonjwa anakwama. Anaiona picha ya mbuzi, anamjua mbuzi, lakini neno halitoki. Umeme ukiondolewa, neno linarudi. Daktari anaweka alama mahali hapo, na anajua kwamba hapo pasikatwe.

Daktari aliyeieneza sana njia hii ni Wilder Penfield, katika mji wa Montreal nchini Kanada. Mwaka 1934 ilifunguliwa huko taasisi ya ubongo ambayo yeye ndiye aliyeianzisha. Alikuwa anawatibu hasa wagonjwa wa kifafa. Aliwatia ganzi ya kichwa, akagusa ubongo kwa umeme mdogo, akaweka vikaratasi vyenye namba kila mahali alipopata jibu. Ramani alizochora madaktari wanazisoma mpaka leo.

Mfano mwingine ni wa Januari 2020, katika hospitali ya King's College huko London, Uingereza. Mama mmoja mpiga fidla alikuwa na uvimbe karibu na sehemu inayotawala vidole vya mkono wake wa kushoto. Mkono huo ndio unaobonyeza nyuzi. Katikati ya upasuaji akapewa fidla yake, akapiga. Madaktari wakatoa zaidi ya asilimia 90 ya uvimbe, na mkono wake ukabaki na kazi yake. Kwake yeye ilikuwa fidla. Kwa mwingine ingekuwa cherehani, au kalamu.

Kazi yetu tangu mwanzo hadi mwisho

Sasa tueleze tunavyofanya sisi wa dawa za usingizi.

Kwanza ni kuzungumza. Siku moja au zaidi kabla ya upasuaji, tunakaa na mgonjwa na kumweleza yote bila kumficha. Atalala ubavu, kichwa kimebanwa kisicheze. Atasikia ngurumo ya mashine ya kukata mfupa, kama ataachwa macho wakati huo. Atasikia kiu. Atachoka kulala upande mmoja. Mtu aliyeelezwa mapema hashituki. Mtu aliyedanganywa atashituka, na mtu aliyeshituka kichwa chake kikiwa wazi ni hatari. Kwa hiyo ukweli ni dawa ya kwanza, wala haiuzwi dukani.

Pili ni ganzi. Ngozi ya kichwa ina mishipa ya fahamu inayokuja kutoka pande tatu: mbele juu ya nyusi, pembeni karibu na sikio, na nyuma kisogoni. Tunatafuta mishipa 6 kila upande, yaani 12 kwa jumla, na kuchoma ganzi karibu na kila mmoja. Pia tunatia ganzi mahali ambapo kichwa kitabanwa na mahali ngozi itakapokatwa. Baadaye mpasuaji mwenyewe anaongeza ganzi kwenye utando wa ubongo. Dawa zinazotumika ni kama lignokeini, ambayo hufanya kazi upesi lakini haikai sana, na bupivakeini, ambayo huchelewa kidogo lakini hukaa saa nyingi. Mara nyingi tunachanganya na adrenalini kidogo ili damu isitoke sana na ganzi ikae zaidi.

Na hapa, ndugu wanakisomo, hesabu mnazojifunza darasani ndizo zinazolinda maisha. Kipimo cha juu cha lignokeini iliyochanganywa na adrenalini kwa kawaida ni miligramu 7 kwa kila kilo ya mwili. Mgonjwa wa kilo 60 asipite 7 mara 60, yaani miligramu 420. Kama chupa ina miligramu 10 katika kila mililita, hizo ni mililita 42. Mgonjwa wa kilo 40 asipite mililita 28. Ikitumika pamoja na bupivakeini, lazima kila dawa ipunguzwe, maana sumu zao zinajumlishana. Tukikosea hesabu, mgonjwa atasikia kengele masikioni na ladha ya chuma mdomoni, kisha degedege, na moyo waweza kusimama. Ndiyo sababu tunampima uzito na kuandika kila kitu.

Tatu ni usingizi mwepesi. Hapa kuna njia mbili. Njia moja ni kumlaza mgonjwa kabisa wakati wa kufungua fuvu, kumwamsha wakati wa kazi ya ubongo, na kumlaza tena wakati wa kufunga. Nyingine ni kumwacha macho muda wote, akiwa ametulizwa kidogo tu. Dawa zinachaguliwa kwa jinsi zinavyoisha upesi. Iko propofoli, ambayo ni nyeupe kama maziwa. Iko remifentanili, dawa kali ya maumivu ambayo ukifunga dripu inaisha mwilini kwa dakika chache. Iko deksmedetomidini, ambayo mgonjwa anasinzia, lakini ukimwita anaitika.

Mtauliza, mbona dawa hazizidishwi ili asisikie chochote? Hapana. Zikizidi, mgonjwa anapumua kidogo kidogo. Hewa chafu inajaa katika damu, mishipa ya damu ya ubongo inapanuka, na ubongo unavimba mbele ya mpasuaji. Zikipungua mno, anahangaika. Sisi tunatembea katikati ya mambo hayo mawili saa zote. Tunatazama pumzi, mapigo ya moyo, shinikizo la damu na oksijeni. Nguo za upasuaji tunazitundika ili uso wa mgonjwa uonekane, na mmoja wetu anakaa karibu naye, anamshika mkono, anamlowesha midomo.

Tena mgonjwa aliye macho ana haki ambayo aliyelala hana. Akisema "inauma," kazi inasimama na ganzi inaongezwa.

Picha gani, na kwa lugha gani?

Jambo hili linawahusu ninyi wanakisomo kuliko wote.

Mgonjwa anaonyeshwa picha ili ataje majina. Sasa, kama picha zimetoka katika kitabu cha nchi za baridi, mkulima wetu ataonyeshwa kitu cha kutelezea juu ya theluji, naye atanyamaza. Je, amenyamaza kwa sababu ubongo umeguswa? La. Amenyamaza kwa sababu hajapata kukiona kitu hicho. Daktari atadhani amegusa mahali pa maneno na ataacha uvimbe bure. Kwa hiyo picha ziwe za vitu anavyovijua: jembe, kuku, mtungi, baiskeli, kinu. Na siku moja kabla, mgonjwa afanye mazoezi. Picha asiyoitaja vizuri inaondolewa.

Halafu lugha. Wengi wetu tuna lugha mbili. Nyumbani Kisukuma au Kihaya, sokoni Kiswahili. Mwaka 1978 George Ojemann wa Seattle, Marekani, na mwenzake Harry Whitaker, waliandika kwamba kwa watu wa lugha mbili waliowapima, kulikuwa na mahali katika ubongo ambapo umeme ulikwamisha lugha moja kuliko nyingine. Maana yake nini? Ukimpima bibi kwa Kiswahili tu, huenda ukakilinda Kiswahili na kukiharibu Kisukuma, lugha anayosemezana na wajukuu. Kwa hiyo mgonjwa aseme wazi mapema: "Mimi nasema lugha hizi na hizi." Na atafutwe muuguzi au mtaalam anayezijua.

Kadhalika na kusoma. Imeonekana kwamba mahali pa kutaja picha na mahali pa kusoma maandishi si lazima pawe pamoja. Mtu aliyepata kusoma akiwa na miaka 45, kwa taabu, jioni baada ya shamba, asione haya kumwambia daktari: "Mimi najua kusoma, na sitaki kupoteza kusoma kwangu." Basi atapewa na karatasi asome wakati wa kupimwa.

Hatari zake

Hatutaki kuwadanganya. Hatari zipo. Umeme ule mdogo waweza kuleta degedege hapo hapo mezani. Ikitokea, mpasuaji anaacha mara moja na kumimina juu ya ubongo maji safi ya chumvi yaliyopozwa sana. Mara nyingi degedege hukoma. Isipokoma, sisi tunatia dawa mshipani. Mgonjwa pia aweza kutapika, kupata shida ya kupumua, au kuchoka na kukataa kuendelea. Hapo tunamlaza usingizi, na vifaa vya kumsaidia kupumua viko tayari tangu mwanzo.

Tena si kila mtu anafaa. Mtoto mdogo hafai. Mtu aliyechanganyikiwa hafai. Aliyekwisha poteza maneno kabisa hafai, maana hakuna cha kupima. Mwenye kikohozi kisichotulia, au anayekoroma na kukatika pumzi usingizini, yuko hatarini zaidi. Na asiyetaka, hafai. Kukataa kwake si woga wa kuchekwa. Atatafutiwa njia nyingine.

Je, nchi zetu?

Wengine watasema haya ni mambo ya matajiri. Sivyo. Daktari Mark Bernstein wa Toronto, Kanada, na wenzake waliwafundisha madaktari wa Ghana, Nigeria, Indonesia na China njia hii, na mwaka 2013 wakaandika habari ya kazi hiyo. Waliona kwamba inawezekana hata pale penye vifaa vichache. Mgonjwa anayepumua mwenyewe muda wote hahitaji mashine ya kupumulia kwa saa nyingi, na anaweza kutoka hospitali mapema. Lakini ganzi rahisi bila watu waliofundishwa si kitu. Linalohitajika kwanza ni mpasuaji, mtu wa usingizi na muuguzi waliozoea kufanya kazi pamoja.

Hapa Tanzania upasuaji wa ubongo unafanyika, kwa mfano katika Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, jijini Dar es Salaam. Ni njia gani itamfaa mgonjwa huyu au yule, daktari wake ndiye atakayemwambia.

La kufanya

Tumalize na lile mnaloweza kulifanya ninyi huku vijijini. Mtu mzima ambaye hajapata kuwa na kifafa, akianguka degedege kwa mara ya kwanza, msimfiche ndani, wala msipoteze miezi mkisema ni pepo. Mpelekeni hospitali. Kadhalika mwenye kichwa kinachouma zaidi asubuhi pamoja na kutapika, anayelegea mkono na mguu wa upande mmoja, au anayeanza kukosa maneno. Si wote wana uvimbe. Lakini aliye nao akifika mapema, akiwa bado anaweza kutaja mbuzi na jembe, ndiye tunayeweza kumpima akiwa macho na kumlindia maneno yake. Akichelewa mpaka maneno yameondoka, ganzi yetu haiwezi kuyarudisha.

Na ukiambiwa uwe macho, muulize daktari maswali haya manne. Ganzi itatiwa wapi? Nikisikia maumivu nifanyeje? Nitapimwa kwa lugha gani? Nani atakaa karibu nami? Daktari mzuri hatakasirika. Atafurahi, maana mgonjwa anayeuliza ndiye atakayeweza kumsaidia kazi mezani.

Sasa ni zamu yenu kuuliza.